Neno la nne hakuna anayelitaka

Ijumaa Kuu kanisani kwetu huwa tunagawana yale maneno saba ya Yesu msalabani, kila neno linapewa mtu wake wa kulihubiri. Mchungaji anachukua moja, mwinjilisti moja, mwenyekiti wa akina mama moja, kijana mmoja wa kwaya, halafu wazee wa kanisa tunajazia zilizobaki. Na kila mwaka ikifika siku ya kugawana utaona watu wanavyowahi, "Baba, uwasamehe" inaondoka mapema kabisa, ile ya mnyang'anyi na peponi inagombewa kwa sababu ni tamu na inahubirika, "Imekwisha" mchungaji anajiwekea mwenyewe. La nne linabaki mezani. Mwaka huu nilichelewa kikao maana nilikuwa nasahihisha mitihani ya watoto, kufika nakuta wameshaniandikia.

"Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Sasa dakika chache nilizopewa hazikutosha, na baada ya ibada kuna mama alinifuata nje pale kwenye geti akaniuliza hivi wewe mwalimu ulimaanisha Mungu ni dhaifu au vipi, na kuna kaka mwingine aliniangalia tu vibaya akapita. Kwa hiyo naandika hapa kwa urefu, anayetaka asome, asiyetaka basi.

Mnijue kwanza ninaongea nikiwa wapi. Nimezaliwa Moravian kule Rungwe, nimeolewa KKKT, kanisa la Kilutheri, hapa Mbeya mjini, kwa hiyo nina Luther upande mmoja na Zinzendorf, mlezi wa Wamoravian, upande mwingine na sijawahi kuona wakigombana nyumbani kwangu. Theolojia sijasomea chuo. Nimesoma vitabu vya kuazima, na mchungaji mmoja mstaafu alikuwa ananivumilia maswali yangu.

Tuanze na jinsi watu wanavyolikwepa hili neno. Njia inayotumika sana ni kukimbilia Zaburi ya 22, mhubiri anakwambia Yesu alikuwa ananukuu zaburi, na zaburi ile mwisho wake ni mzuri, ni sifa tupu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi ndugu zangu alikuwa anajua mwisho wake. Ni kweli zaburi inaishia kwenye sifa. Ila Marko hakuandika mwisho wa zaburi, kaandika mstari wa kwanza, halafu watu wakamsikia vibaya wakadhani anamwita Eliya, halafu akatoa sauti kuu akakata roho. Basi. Hakuna wimbo hapo katikati. Na ajabu ni kwamba ukiisoma Injili ya Marko toka mwanzo, mwanadamu wa kwanza kusema huyu ni Mwana wa Mungu kwa maana yake kamili ni yule akida wa Kirumi, na hakusema aliposikia dhoruba imetulizwa wala alipoona kipofu anaona, Marko anasema wazi kabisa alisema "alipoona ya kuwa alikata roho jinsi hii". Yaani askari aliyezoea kuona watu wakifa anamtazama mtu anakufa akilalamika ameachwa na Mungu wake, na hapohapo anamwona Mungu. Mi hilo ndo lilinishinda kupita haraka.

Halafu tokeni nje ya kanisa mzunguke mji. Toka Mafiati mpaka Kabwe, Mwanjelwa, Soweto mpaka Uyole, hesabu mabango ya mikutano. Usiku wa kuvunja minyororo, wiki ya kutoboa, Mungu wa vita, njoo na picha ya adui yako. Siwacheki wanaoenda, na sitaki mtu anisome vibaya hapa, mwenye mtoto anayeanguka kifafa na hela ya vipimo hana ataenda popote penye spika na mimi ningeenda. Na hata sisi wa makanisa ya zamani tunaojifanya hatumo, tumo, tofauti yetu ni kwamba sisi tunaimba kwa sauti nne. Msalaba tumeufanya kama stendi ya Uyole, basi linasimama kidogo, watu wananunua viazi na mahindi ya kuchoma, safari inaendelea kuelekea Jumapili.

Luther aliliona hili mapema sana. Watu wengi tunajua 1517 na zile hoja 95, ila mwaka uliofuata, Aprili 1518, watawa wenzake wa shirika la Augustino walimwita Heidelberg akaeleze anachofundisha, akaandaa hoja nyingine, na humo ndimo alimotenganisha aina mbili za wanatheolojia. Mmoja ni wa utukufu, mwingine ni wa msalaba. Wa utukufu anaangalia mambo makubwa yanayoonekana, nguvu, ushindi, mafanikio, anapanda nayo kama ngazi mpaka kwa Mungu, na kwa sababu hiyo anaishia kuita baya zuri na zuri baya. Wa msalaba anakiita kitu vile kilivyo. Luther anasema Mungu kaamua kuonekana mahali ambapo hakuna mtu angemtafuta, kwenye mateso na msalaba, kwa hiyo ukimtafuta Mungu kwa kuruka msalaba utapata kitu, ila atakuwa ni Mungu uliyemtengeneza mwenyewe kwa matamanio yako. Na alikuwa hatungi kitu kipya, ni Paulo yuleyule wa Wakorintho, "udhaifu wa Mungu una nguvu zaidi ya wanadamu".

Kuita kitu vile kilivyo. Hebu chukua hiyo uende nayo kwenye kipindi cha ushuhuda Jumapili. Nani anapewa maiki? Aliyepona. Aliyepata kazi, aliyepata mtoto baada ya miaka mingi, aliyetoka salama kwenye ajali pale mteremko wa Mlima Nyoka wenzake wote wakaumia. Nafurahi nao, napiga vigelegele kabisa. Lakini nimekaa kanisani toka mtoto na sijawahi kuona mtu akiitwa mbele kushuhudia akiwa bado katikati ya ugonjwa, bado hajui kama atapona, deni bado halijalipwa, mume bado hajarudi. Ushuhuda kwetu ni mpaka mambo yaishe vizuri. Kwa hiyo ambaye mambo yake hayajaisha, na wengi ndo hao, anakaa kwenye benchi anajifunza Jumapili baada ya Jumapili kwamba Mungu yuko kwa wale wa mbele.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa hao wa kwenye benchi. Alipata saratani ya shingo ya kizazi, ilichelewa kugundulika kama inavyochelewa kwa wengi, akaenda Ocean Road Dar akapigwa mionzi akarudi Tukuyu, ikatulia, ikarudi. Kuna watu wakamshawishi aje mjini kwenye mkutano mmoja wa maombezi, kwenye turubai, akaombewa, akaambiwa amepona na aache dawa za maumivu kwa sababu kuendelea kunywa ni kukiri ugonjwa. Maumivu yakazidi akarudishwa tena pale, mhubiri akamuuliza mbele ya watu, mama, una uhakika unaamini? Sitaji jina wala kanisa na haisaidii, hilo swali linaulizwa sehemu nyingi sana, hata kwetu linaulizwa kwa upole zaidi.

Ninachotaka kuwaonyesha ni chumba chake baada ya hapo. Wanaoujua ugonjwa ule wanajua una harufu, na harufu ile haifichiki na ubani wala sabuni. Wageni walikuwa wanakuja, wanakaa karibu na mlango, wanaomba maombi marefu na ya sauti kubwa wakiwa wamesimama, wanaacha sukari na sabuni wanaondoka. Jirani yake mmoja, bibi wa Kinyakyusa aliyekuwa wa kanisa la Moravian palepale kijijini, yeye alikuwa anakaa kitandani kabisa. Anaingia asubuhi, "Ugonile", anaitikiwa, anachemsha maji, anamwosha, anambadilisha zile kanga, anaenda kuzifua. Sasa Tukuyu na mvua yake si mnaijua, nguo inaweza kukaa kwenye kamba mpaka iote ukungu, kwa hiyo bibi alikuwa anawasha pasi ya mkaa anazikausha kwa pasi, moja baada ya nyingine, chumba kinajaa mvuke na harufu inapanda zaidi, na yeye anapiga pasi tu, anaongea habari za ng'ombe wake na bei ya ndizi. Akiomba, anaomba Kinyakyusa, sentensi mbili tatu, Kyala, yaani Mungu, uko hapa, tusaidie, basi.

Siku moja niko naye peke yetu shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hivi Mungu anaisikia hii harufu yangu?"

Sikumjibu. Nilimpa chai. Ila nimelibeba swali lile miaka yote na nadhani ni swali la theolojia kubwa kuliko nyingi nilizosoma, na kwa kweli wanatheolojia wamegombana juu ya swali hilohilo karne na karne bila kulisema kwa maneno ya shangazi.

Kwa sababu jibu rasmi la Wakristo toka zamani, na Waprotestanti waliliandika kabisa, lilikuwa hapana. Ungamo la Westminster la 1646, ambalo ndugu zetu Wapresbiteri wanalishika, linasema Mungu hana mwili, hana viungo, hana hisia za kumpeleka huku na huku, na Waanglikana walishaandika karibu hivohivo kwenye Ibara zao 39. Mungu hateseki. Na walikuwa na sababu, msiwadharau, walikuwa wanasema Mungu si kama miungu ya Wayunani inayopandwa na hasira na wivu, Mungu upendo wake haupungui leo ukaongezeka kesho, hashikwi na kitu chochote kwa nyuma. Mgonjwa anahitaji hilo pia. Ukiwa unazama hutaki mtu aje kuzama na wewe ili ujisikie una mwenzako.

Upande mwingine kuna Luther na Kristo wake. Luther aligombana na Zwingli wa Zurich juu ya hili, watu wanakumbuka ugomvi wao wa meza ya Bwana pale Marburg 1529 ila chini yake kulikuwa na ugomvi huu. Zwingli alisema Biblia ikisema Mwana wa Mungu aliteswa ni namna tu ya kusema, aliyeteswa ni ubinadamu wake, Uungu ulikuwa pembeni salama. Luther akakataa katakata. Kristo ni mmoja. Linalompata huyu mtu Yesu linampata Mungu Mwana, huwezi ukamgawa ukasema hapa anateseka huyu na pale anatulia yule. Aliandika baadaye kwamba kama haikusemwa Mungu alikufa kwa ajili yetu bali mtu tu, basi tumepotea, na maneno hayo Walutheri wakayaweka kwenye Fomula ya Makubaliano ya 1577, kwa hiyo si mawazo ya mtu mmoja aliyeamka vibaya, ni ungamo la kanisa tunalokaa humo Jumapili.

Ukilichukua hilo ukalipeleka Tukuyu chumbani, jibu linakuwa ndiyo. Mungu anaisikia. Anayo pua. Alisimama mbele ya kaburi la Lazaro Martha akamwonya, "Bwana, ananuka sasa", na mistari michache kabla ya hapo imeandikwa "Yesu akalia machozi". Natamani ningekuwa nalo hilo siku ile ila ndo hivo.

Karne iliyopita Wajerumani walilisukuma mbele zaidi na unaweza kuelewa kwa nini. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri aliyempinga Hitler, alikamatwa Aprili 1943 akawekwa gereza la Tegel Berlin, na Julai 1944 akamwandikia rafiki yake barua kwamba Mungu anajiacha asukumwe nje ya ulimwengu mpaka msalabani, na kwamba ni Mungu anayeteseka tu ndiye anayeweza kusaidia. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Halafu kuna Jürgen Moltmann, aliyefariki juzijuzi tu 2024 akiwa na miaka 98. Huyu alikuwa kijana wa Hamburg, Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani zikaichoma Hamburg kwa mabomu, rafiki aliyesimama karibu naye kwenye mzinga wa kutungulia ndege akafa yeye akabaki. Baadaye akawa mfungwa wa vita huko Scotland, mtu ambaye nyumbani kwao dini haikuwa kitu, akapewa Biblia, akasoma Marko, akafika kwenye neno la nne. Alisimulia mara nyingi kwamba hapo alihisi amempata mmoja anayemwelewa. Toka hapo akawa mwanatheolojia, na 1972 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Mungu aliyesulubiwa, akisema msalabani si Mwana peke yake aliyeumia, Baba naye aliumia kwa kumpoteza Mwana. Kwa hiyo neno ambalo kwenye kikao chetu linabaki mezani ndilo lililomfanya yule bwana aamini.

Ila Moltmann pia walimpinga, na mi naona wapinzani wana hoja. Dorothee Sölle, Mprotestanti mwenzake, mwanamke wa Cologne, alimuuliza huyo Baba anayemtoa Mwana afe ni Baba wa namna gani, tusije tukawa tunamsifu mtesaji. Na Mkatoliki mmoja, Karl Rahner, alisema kwa lugha ya kawaida kabisa kwamba haimsaidii yeye kutoka kwenye matope kama Mungu naye yumo kwenye matope hayohayo. Mimi nasimama wapi? Nasimama na Luther zaidi kuliko na Moltmann. Sihitaji kujua maumivu yakoje ndani ya Utatu, sina kipimo cha kupimia huko. Nahitaji kujua kwamba aliyekuwa pale msalabani ni Mungu mwenyewe wala si mwakilishi wake, na kwamba alipofufuka hakufuta makovu. Tomaso alionyeshwa mikono ileile. Na kwenye Ufunuo, kitabu kimefungwa kwa mihuri na mbingu yote inaangalia nani anastahili kukifungua, wanatangaza simba, ukigeuka kuangalia unaona Mwana-Kondoo amesimama kana kwamba amechinjwa. Yaani hata mbinguni bado.

Ndo maana napenda nembo ya kanisa nililozaliwa. Kila Mmoravian wa Rungwe ameiona kwenye madhabahu, kwenye barua, kwenye vitenge vya sherehe, mwanakondoo amebeba bendera na maneno kwamba Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Wamishenari walifika na hiyo nembo Rungwe 1891, na kabla ya hapo ilishabebwa na watu waliokuwa wakimbizi, wazao wa wale wafuasi wa Jan Hus aliyechomwa moto 1415, waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf 1722 wakajenga kijiji cha Herrnhut. Zinzendorf alipenda majeraha ya Kristo mpaka ikazidi, miaka ya 1740 kule Herrnhaag vijana walikuwa wanaimba nyimbo za kulisifu tundu la ubavu kwa lugha ambayo ukiisoma leo unaona haya, mpaka wenyewe wakaja kuurekebisha wakati ule. Kwa hiyo hata majeraha yanaweza kugeuzwa kuwa burudani. Ila ile mizizi ilikuwa nzuri, na mnyama waliyemchagua kuwaongoza ni yule anayechinjwa, wakati falme nyingi za Ulaya zilikuwa zinachora simba na tai.

Sasa nije kwa yule kaka aliyeniangalia vibaya, kwa sababu najua hofu yake na ni hofu ya haki. Ukihubiri Mungu dhaifu kuna watu watalitumia. Na wanalitumia tayari. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi, mwanamke anakuja jicho limevimba, mzee mmoja anamwambia mama, huo ndo msalaba wako, ubebe, Bwana alisema "ajitwike msalaba wake, anifuate". Mfanyakazi wa ndani hajalipwa miezi anaambiwa vumilia hata Yesu aliteswa. Anayesema hivo huwa si yeye anayepigwa, mmeliona hilo? Wanaoteswa wakihubiriana wenyewe kwa wenyewe maneno yanakuwa mengine.

Na Biblia haiko upande wake. Msalaba anaoutaja Yesu ni kitu kinachompata mtu kwa sababu amemfuata yeye, si kila kipigo kilichotokea nyumbani kwa sababu mume kalewa. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi na askari kwa kuhani mkuu hakunyamaza, alimuuliza, "kama nimesema vema, wanipigia nini?" Paulo, huyohuyo anayejisifia udhaifu, alipokuwa karibu kuchapwa viboko Yerusalemu alitoa uraia wake wa Kirumi mbele ya akida, ni halali kumpiga Mrumi bila hukumu? Alitumia sheria. Kuita kitu vile kilivyo kunaanzia hapo, kipigo ni kipigo, kiitwe hivo, na mtu aende dawati la jinsia polisi. Mungu aliyejishusha alijishusha mwenyewe, hakushushwa na jirani, ndivyo Wafilipi 2 inavyosema, alikuwa na namna ya Mungu akatwaa namna ya mtumwa. Mwenye nguvu akishuka hiyo ni Injili. Mwenye nguvu akimkandamiza asiye nacho chini halafu akamsomea Wafilipi, hapo hakuna Injili.

Kwa hiyo ufuasi ni nini kama si kuvumilia kila kitu? Bonhoeffer mwaka uleule 1944 aliandika shairi gerezani, akasema watu wote wakiwa kwenye shida wanamwendea Mungu kuomba msaada, Wakristo na wasio Wakristo sawa tu, ila Wakristo wanasimama na Mungu katika mateso yake. Mi nikisoma hapo naona Gethsemane, Yesu hakuwaambia wale watatu wafanye muujiza, aliwaomba wakeshe, wakalala, akawauliza hamkuweza kukesha nami hata saa moja. Ombi dogo tu lile. Na wale rafiki wa Ayubu, kabla hawajafungua midomo wakaharibu, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, hiyo ndo sehemu pekee waliyofanya vizuri kitabu kizima.

Huku kwetu tulipewa nafasi ya kujifunza hili kwa nguvu. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulionyesha mikoa mitatu yenye maambukizi ya UKIMWI juu kabisa ni yetu, Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Na hiyo ni baada ya dawa kuenea. Kabla ya hapo, waliokuwa wakubwa wanakumbuka, tulikuwa tunazika mfululizo, kuna nyumba walibaki bibi na wajukuu tu. Wakati ule kanisani kulikuwa na mahubiri ya kila namna, adhabu ya Mungu, laana, na baadaye wengine wakaja na kuwaambia watu waache dawa wameshapona. Na wakati huohuo kulikuwa na akina mama wa fellowship waliokuwa wanazunguka na ndoo na sabuni wanaosha wagonjwa ambao hata ndugu zao waliwatengea sahani. Hao hawakuandika kitabu. Hawakuwa na maelezo kwa nini Mungu ameruhusu. Mmoja niliwahi kumuuliza akanijibu, "Mwalimu, mi nilikuwa naosha tu, ningeanza kufikiria ningekimbia."

Nikasema kwenye zile dakika zangu kwamba Mungu wa neno la nne anafanana zaidi na hao akina mama kuliko na spika za Mwanjelwa. Hapo ndo yule kaka aliponiangalia. Sijalifuta.

Baada ya Pasaka nikapeleka pendekezo kwenye baraza la wazee, kwamba mara moja moja kipindi cha ushuhuda apewe maiki mtu ambaye bado yuko katikati, aseme yalivyo, asilazimishwe kumalizia na "lakini Mungu ni mwema" kama hajafika hapo, na wengine tukae tusikilize tu. Mchungaji alilipenda, aliniambia, "Mama, hata Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado iko kwenye Biblia." Mhasibu wetu hakulipenda kabisa, akasema tutawavunja moyo wageni, watu wanakuja kanisani kutafuta tumaini wewe unawaletea wodi, na sadaka itashuka. La sadaka alilisema kwa kucheka ila alilisema. Tukabishana mpaka umeme ukakatika, ikaahirishwa mpaka baada ya mavuno ya mahindi.

Mimi nimeshaongea na mama mmoja wa mtaa wetu, yuko kwenye kusafishwa figo na hakuna anayejua itaendaje, nikamuuliza kama baraza likikubali angeweza kusimama mbele. Alifikiria siku kadhaa, akanipigia, amekubali. Alichouliza ni kama ataruhusiwa kuongea akiwa amekaa, na kama wale wa sauti wanaweza wasiweke kinanda nyuma anapoongea.